Leseni ya Lori Haivuki Bahari

Dereva aliyekaa miaka kumi kwenye usukani wa lori Uingereza, akitua Calgary na kupeleka leseni yake ibadilishwe, atapewa leseni ya gari dogo. Alberta ndivyo inavyofanya, na kwa kawaida majimbo mengine ya Kanada hufanya vivyo hivyo. Daraja la kuvuta trela, lile ambalo Uingereza huandikwa C+E, halivuki bahari. Anayetaka kulipata Kanada huanza tena: mtihani wa maandishi, uchunguzi wa afya, mtihani wa breki za upepo, mafunzo, kisha barabarani na mtahini pembeni. Ontario daraja hilo huitwa A, na mahali pengi kwingine huitwa daraja la 1.

Nimelitanguliza hili kwa sababu ndilo linalowaumiza watu wengi. Mtu ameuza gari, amerudisha funguo za nyumba, watoto wameshaaga shuleni, ndipo anagundua kwamba miezi ya kwanza hana haki ya kugusa kazi aliyoifuata. Wasomaji wa safu hii wanaoishi Leicester, Birmingham au London na wanaowaza safari hiyo, naomba waweke akiba ya miezi hiyo kabla ya kukata tiketi.

Mafunzo yenyewe yana historia ya kuhuzunisha. Ontario ndiyo iliyotangulia, mwaka 2017, kudai saa 103.5 za mafunzo kabla ya mtihani wa trela. Sehemu nyingi za nchi zilikuwa bado hazina sharti kama hilo. Tarehe 6 Aprili 2018, kwenye makutano ya barabara huko Saskatchewan, lori lililovuta trela mbili za mboji lilipita alama ya kusimama bila kusimama, na basi la vijana wachezaji wa magongo ya barafuni wa timu ya Humboldt Broncos likaligonga. Watu 16 walikufa na 13 wakajeruhiwa. Dereva wa lori alikuwa na majuma machache tu katika kazi ile. Alihukumiwa kifungo cha miaka minane. Mwaka 2019 Alberta, Saskatchewan na Manitoba zikaweka sharti la mafunzo, zote zaidi ya saa 110. Kwa hiyo dereva mzoefu wa Uingereza anayenung'unikia saa hizo, nami namwelewa, akumbuke zimetoka wapi.

Tena zina faida hata kwa mzoefu, maana lori lenyewe si lile. Uingereza dereva hukaa juu ya injini na kioo kiko usoni pake. Kanada kichwa cha lori kina pua ndefu, na mtu akisimama karibu na bampa humwoni. Malori mengi ya sasa hujibadilishia gia, lakini bado utakutana na yenye gia 13 au 18 zisizosaidiwa na kitu: unakanyaga klachi na kutoa gia, unaachia, unasikiliza injini ishuke, unakanyaga tena ndipo unaingiza. Uzito nao ni mwingine. Kikomo cha kawaida cha Uingereza ni tani 44. Kanada, trela mbili zilizoungana zenye jumla ya ekseli nane pamoja na kichwa zinaruhusiwa kufika kilo 63,500. Na unapita kulia. Aliyejifunzia udereva Mombasa, Dar es Salaam au Kampala amezoea kushoto kama Waingereza, na itamchukua muda mkono usahau. Aliyejifunzia Bukavu, Kigali au Bujumbura ataona amerudi kwao.

Umbali ndio kitu ambacho ramani haikuambii. Kaskazini mwa Ziwa Superior, barabara zote zinazounganisha mashariki na magharibi ya nchi hukusanyika kwenye daraja moja, la mto Nipigon. Januari 2016, daraja jipya lililokuwa limefunguliwa majuma machache tu kabla, sakafu yake iliinuka karibu sentimita 60 upande mmoja, magari yakazuiwa. Ndani ya Kanada hapakuwa na barabara nyingine ya kupita. Lori la Toronto lililokuwa likielekea Winnipeg ama lisubiri, ama lizungukie Marekani. Dereva aliyezoea kutoka Felixstowe asubuhi na kulala kitandani kwake usiku anaingia katika nchi ya namna hiyo, ambako majuma mawili nje ya nyumba si jambo la ajabu.

Kisha baridi. Fikiria asubuhi ya Januari katika uwanda wa Saskatchewan, nyuzi 35 chini ya sifuri. Lori limelala likiwa limechomekwa kwenye umeme, waya ukipasha injini joto ili iweze kuwaka. Ukikosea dizeli, ukanunua isiyo ya majira ya baridi, nta yake huganda na kuziba chujio, na injini inazimika njiani. Breki za trela zimegandia kwenye dramu, kwa hiyo unaingia chini na nyundo, unagonga gurudumu moja baada ya jingine mpaka ziachie. Halafu unapima upepo. Unajaza tangi, unazima injini, unakanyaga breki mara kwa mara huku ukitazama mshale ukishuka, na kengele lazima ilie kabla ya mshale kupita paundi 55. Isipolia, lori haliondoki. Yote hayo unayafanya na glavu mbili mbili, kwa taa ya kichwani, na hujatembea hata kilomita moja. Upande wa British Columbia, kwenye milima kama ya barabara ya Coquihalla, kuna jingine: kuanzia 1 Oktoba lori kubwa lazima libebe minyororo ya matairi, na kwenye njia nyingi za milimani sharti hilo hudumu hadi mwisho wa Aprili. Kuifunga usiku, kando ya barabara, theluji ikikupiga usoni, ni ujuzi. Hakuna barabara ya Uingereza itakayokufundisha.

Saa za kazi pia zitakushtua. Uingereza dereva haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 9 kwa siku, au 10 mara mbili kwa juma, na kila baada ya saa nne na nusu anapumzika dakika 45. Kanada, kusini ya latitudo 60, sheria inaruhusu saa 13 za kuendesha ndani ya saa 14 za kazi, na mzunguko wa kawaida ni saa 70 kwa siku saba. Tangu 2023 kifaa cha kielektroniki cha kuhesabu saa hizo kinasimamiwa kwa ukali kwenye malori yanayovuka majimbo, hivyo kudanganya kwa kalamu kumepungua. Lakini saa 13 ni saa 13. Kwa mtu wa miaka hamsini, mgongo ndio utakaoamua.

Malipo ya safari ndefu huhesabiwa kwa maili. Tuseme umeahidiwa senti 60. Siku njema umekwenda maili 500, umepata dola 300. Siku ya pili theluji imefunga barabara, umekwenda maili 150, umepata dola 90, na bado hujalala nyumbani. Ndiyo maana nawaambia watu waache kuuliza kwanza ni senti ngapi. Waulize kampuni inalipa nini ukisubiri saa tano kwenye ghala la kupakua, inalipa nini ukifunga minyororo, na barabara ikifungwa inakuwaje. Kwa kampuni zinazovuka majimbo, sheria ya kazi ya serikali kuu inadai malipo ya ziada kwa dereva wa safari ndefu aliyepita saa 60 kwa juma. Haki hiyo ni ya mwajiriwa. Neno hilo, mwajiriwa, ndilo kiini cha yote niliyokusudia kusema.

Maana njia ya kubaki Kanada imejengwa juu ya neno hilo. Kwa miaka mingi udereva wa lori ulihesabiwa kuwa kazi isiyo ya ujuzi wa kutosha kuingia katika Express Entry, mfumo mkuu wa serikali wa kuchagua wahamiaji kwa pointi. Tarehe 16 Novemba 2022 orodha ya kazi ilibadilishwa, na dereva wa lori la mizigo akaingia. Ulikuwa uamuzi wa haki uliochelewa mno. Mwaka 2023 kukawa hata na uteuzi maalumu wa watu wa uchukuzi, madereva wa malori wakiwamo. Februari 2025 kundi hilo likaondolewa. Milango hii hufunguka na kufungwa, kwa hiyo usipange maisha kwa habari ya mwaka juzi.

Katika pointi hizo, umri ni mkali. Mwenye miaka 20 hadi 29 hupata za juu kabisa. Akifika 45, umri haumpi hata moja. Kiingereza hupimwa kwa mtihani, na hilo halimsamehe hata mzaliwa wa Manchester ambaye hajawahi kusema lugha nyingine. Kifaransa kina thamani ambayo wengi hawaijui: uteuzi wa wanaokimudu umekuwa ukichukua watu wenye pointi chini sana kuliko wengine. Mswahili wa Bukavu au Bujumbura anayeishi Uingereza, ambaye Kifaransa cha shule amekiacha kabatini, akipige vumbi. Huenda kikamfaa kuliko miaka yake yote ya usukani.

Uangalie pia pasi yako. Raia wa Uingereza wa miaka 18 hadi 35 anaweza kuomba, kupitia mpango wa vijana wa nchi hizo mbili, kibali cha wazi cha kazi cha hadi miaka mitatu, na nguvu ya kibali hicho ni kwamba mwajiri akikunyanyasa unaondoka. Mkenya au Mtanzania anayeishi Uingereza kwa kibali tu hana mlango huo, maana Kanada hutazama pasi. Wengi waliobaki huingia kwa kibali kilichofungwa kwa mwajiri mmoja, jina lake likiwa limeandikwa pale pale. Kibali hicho huhitaji mwajiri apate kwanza LMIA, uthibitisho wa serikali kwamba amekosa mtu wa kazi hiyo nchini. Tangu 2019 mfanyakazi anayenyanyaswa chini ya kibali kama hicho anaweza kuomba cha wazi, na walio katika hali hiyo walijue hilo.

Sasa tazama mtego. Kuna kampuni za malori zinazomwambia dereva: sajili kampuni yako ndogo, utulipishe ankara, utabeba pesa nyingi zaidi mkononi. Madereva wa huko huuita mtindo huo Driver Inc. Lori ni la kampuni, mizigo ni ya kampuni, ratiba ni ya kampuni, lakini kwenye karatasi wewe ni mfanyabiashara. Hukatiwi kodi wala pensheni, hulipwi likizo, hulipwi saa za ziada, na mamlaka ya kodi ikija inakuja kwako. Kwa mhamiaji kuna hasara kubwa zaidi. Njia ya ukaazi wa kudumu kwa waliokwisha kufanya kazi Kanada haihesabu muda wa kujiajiri. Mtu anaweza kuendesha miaka miwili kutoka Brampton hadi Vancouver, na siku ya kuhesabu akawa na sifuri. Mwenye kibali cha kufungwa ana tatizo la pili, maana anayelipwa kupitia kampuni yake mwenyewe hafanyi tena kazi iliyoandikwa kwenye kibali.

Mambo mawili mafupi kwa wanaopima faida na hasara. Safari za Marekani huwa zinaahidiwa kama nyongeza tamu, ila ruhusa ya Kanada haikuvushi mpaka wa Marekani. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kusitisha viza za kazi kwa madereva wa malori ya biashara, na tangu Juni ya mwaka huo ukaguzi wa Kiingereza kando ya barabara umekuwa mkali. La pili ni la uzeeni. Pensheni ya serikali ya Uingereza ukiipokea ukiwa mkaazi wa Kanada haipandi mwaka hadi mwaka. Inabaki pale ilipokuwa siku ulipoanza kuipokea au ulipohama.

Lililobaki ni la LMIA. Mwajiri huilipia serikali dola 1,000 kwa kila nafasi, na sheria inamkataza kuzirudisha kutoka kwako. Hata hivyo imekuwa bidhaa: mawakala wanaiuza kwa maelfu ya dola, wakati mwingine kwa kazi ambayo haipo kabisa, na mnunuzi huingia nchini akiwa na deni linalomfunga mdomo. Ukiombwa pesa ya barua hiyo, hata na ndugu, hata na mtu wa msikiti wako au kanisa lako, kataa, na ujumbe alioutuma usiufute.