Tumbaku ya Kituruki: jani dogo lililohama na wakimbizi

Sisi tuliokulia katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo nchini Tanzania tunaijua tumbaku kwa mikono yetu. Tuliipanda, tukaipalilia, tukaichuma na kukesha tukichochea moto wa bani. Lakini tukiulizwa kwa nini mzee anayevuta kiko husifu mchanganyiko huu na kuukataa ule, wengi tutanyamaza. Leo nataka kuzungumzia jani ambalo sisi hatukulilima, ila historia yake inatugusa tuliorejea nyumbani.

Jani hilo ni tumbaku ya Mashariki, ambayo wengi huiita tumbaku ya Kituruki. Hulimwa Uturuki, Ugiriki, Masedonia Kaskazini na Bulgaria. Ukiliweka kando ya jani la Tabora utacheka, maana mara nyingi halizidi kiganja cha mtu mzima. Hupandwa kwa kubanana katika ardhi kame yenye mawe. Ardhi yenye rutuba na maji mengi hulifanya jani linenepe na kupoteza harufu yake. Halihitaji bani wala kuni: huchumwa alfajiri, jani moja moja, hutungwa kwenye uzi kwa sindano, kisha huanikwa juani. Nikotini yake ni kidogo kuliko ya majani mengi makubwa, lakini harufu yake hujaza chumba.

Wakimbizi na mbegu zao

Tarehe 30 Januari 1923, mjini Lausanne, Uswisi, Ugiriki na Uturuki zilitia saini mkataba wa kubadilishana watu. Kigezo kilikuwa dini, si lugha. Wakristo wa Orthodoksi zaidi ya milioni 1 walihesabiwa kuwa wa Ugiriki, wengi wao wakiwa wamekwisha kukimbia vita, na Waislamu karibu laki 4 wakapelekwa Uturuki. Kati ya waliofika Ugiriki walikuwemo wengi waliozungumza Kituruki tu, na wenyeji waliwaita kwa dharau mbegu za Waturuki. Sisi tulioitwa Watanzania katika ardhi ya babu zetu, kwa sababu ya Kiswahili chetu, tunajua neno kama hilo linavyouma.

Wengi wao waliwekwa kaskazini, katika maeneo ya Kavala, Drama na Xanthi. Walipewa vipande vidogo vya ardhi, nao walikuwa na mikono mingi. Tumbaku ya Mashariki inataka hivyo hasa: eneo dogo na mikono mingi. Katika miaka iliyofuata ikawa zao kuu la Ugiriki la kuuza nje. Upande wa pili, Waislamu waliotoka Kavala na Drama walipelekwa Samsun, pwani ya Bahari Nyeusi, wakaendelea na kilimo kilekile. Nyumba na mashamba vilibaki nyuma, lakini ujuzi walihama nao.

Namna ya kuchanganya

Anayechanganya tumbaku ya kiko huanza na jani la msingi. Mara nyingi ni Virginia, tunayoiita tumbaku ya mvuke, ile ya Tabora, kwa kuwa ina sukari na huleta utamu. Tumbaku ya hewa, yaani Burley, haina utamu mwingi, ila hunyonya vizuri harufu inayotiwa. Tumbaku ya moshi huleta ukali. Ya Mashariki hufanya kazi ya viungo kwenye pilau: kidogo huamsha chungu chote, ikizidi hufunika vingine.

Kwa kuanza, pima gramu 70 za Virginia na gramu 30 za ya Mashariki. Tumia mizani, usikadirie kwa mkono. Ikiwa majani ni makavu hata yanavunjika, yanyunyizie maji kidogo, yachanganye, kisha yafunge katika chupa yenye mfuniko kwa wiki mbili ili harufu zioane. Ukitaka kubadili, badili jani moja tu kila mara, na uandike vipimo kwenye daftari. Ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi katika majaribio ya sayansi: ukibadili mambo matatu kwa pamoja, hutajua lipi lililoleta tofauti.

Ndugu zangu wafanyabiashara wa mpakani, hapa pana fundisho. Nimeona gunia moja sokoni lina majani ya mvuke, ya hewa na ya moshi, yote yamesongwa pamoja. Mnunuzi hulipima gunia hilo kwa jani lake baya kuliko yote. Tenganisha aina, tenganisha madaraja, andika kila robota limetoka wapi na lilichumwa msimu gani. Kabla ya kuvuka, uliza forodhani kuhusu kibali na ushuru. Mchanganyiko mzuri hutoka kwa mtu anayejua kila jani lililomo.

Mimi ni mwalimu, siwezi kumaliza bila kusema haya. Tumbaku ni sumu, na kiko hakina nafuu: huleta saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu. Jani bichi lenye umande nalo hupitisha nikotini kwenye ngozi, mchumaji akapata kizunguzungu na kutapika. Basi mtoto asichume tumbaku, wala asiache shule kwa ajili ya msimu.

Wengi wetu tulirudi tukakuta mashamba ya wazazi yanalimwa na watu wengine, na kesi zikachukua miaka. Lakini ujuzi wa kupima, kupanga madaraja na kutunza kumbukumbu, ambao tulirudi nao kutoka ukimbizini, hauna wa kuudai mahakamani. Anayeona tumbaku haimfai autumie kwenye kahawa, mawese au maharage. Muhimu asiuache ukafa, na awafundishe wanawe.