Mtihani Nao Hupimwa

Kijana wetu akirejea kutoka chuoni na alama zake, swali letu wazazi huwa moja: umepata ngapi? Ni nadra kuuliza kama mtihani wenyewe ulikipima kile ulichodai kukipima.

Tuchukue mfano wa Marekani. Mwaka 1978 Anton Lawson, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Arizona State, alichapisha jaribio la kupima uwezo wa wanafunzi wa kufikiri kisayansi. Toleo lake la mwaka 2000, ambalo limetumika sana vyuoni, lina maswali 24 yaliyopangwa kwa jozi: katika jozi nyingi la kwanza lataka jibu, la pili lataka sababu ya jibu hilo.

Jozi mojawapo yahusu nyuzi tatu zilizoning'inizwa, kila mmoja na kizito chake. Mbili zalingana urefu, wa tatu ni mfupi. Vizito navyo haviko sawa vyote. Mwanafunzi achague nyuzi zipi ili ajue kama urefu wa uzi hubadili muda wa kupembea? Mwenye fikra sawa huchukua mbili zenye uzito mmoja na urefu tofauti. Aliyebadili unga na moto siku moja hawezi kusema ni kipi kilichoharibu mkate, na hilo bibi zetu walilijua bila kufika chuoni.

Mwaka 2009 Lei Bao na wenzake walilinganisha wanafunzi wapya wa vyuo vya China na Marekani. Katika maarifa ya fizikia Wachina waliwaacha wenzao mbali. Katika jaribio la Lawson walikaribiana mno. Hukumu nzito hiyo, kwamba kujaza maarifa si lazima kukuze fikra, yategemea uzima wa mizani.

Ndipo mwaka 2018 Bao na wenzake wakaipima mizani yenyewe, wakichambua majibu jozi kwa jozi na kuwasikiliza wanafunzi wakieleza walivyofikiri. Kwa jumla jaribio lilisimama, ila baadhi ya jozi zilikuwa na kasoro. Yupo aliyepata jibu bila kujua sababu. Yupo pia aliyefahamu barabara, akakwazwa na swali lenyewe. Huyu ndiye anayetuuma zaidi.

Limebaki suala la alama. Wengine huhesabu kila swali peke yake. Wengine hutoa alama pale tu jibu na sababu vinapokuwa sahihi vyote viwili. Karatasi ni ile ile, kijana ni yule yule, na matokeo ni mawili.