UBONGO WA MTOTO MCHANGA NA HOFU YA NYUMBA



Kazini unavaa kofia ngumu kulinda kichwa chako. Nyumbani kuna kichwa kingine cha kulinda: kile cha mtoto mchanga. Wengine wanasema: «Mtoto mchanga hajui kitu.» Si kweli.

FRENI YA HOFU

Jiwe likianguka karibu nawe mgodini, moyo unapiga mbio. Tezi mbili ndogo juu ya mafigo zinamwaga katika damu homoni iitwayo kotisoli. Inakupa nguvu ya kujiokoa. Ni kitu chema, lakini hatari ikipita lazima ipungue.

Anayeipunguza ni ubongo. Ndani yake mna vipokezi, mfano wa kufuli. Homoni ni ufunguo. Ufunguo ukiingia, ubongo unatoa amri: «Basi, yatosha.» Ni freni. Vipokezi vikiwa vichache, freni inashika kwa kuchelewa, na mtu anabaki na hofu kwa muda mrefu.

FRENI INATENGENEZWA MAPEMA

Huko Montreal, Kanada, Michael Meaney na wenzake walichunguza panya. Mwaka 1997 walionyesha kwamba wana wa panya waliolambwa sana na mama yao katika siku za kwanza wanakuwa na vipokezi vingi zaidi, na hofu yao inatulia upesi. Mwaka 2004 walionyesha tena: wana wa mama asiyelamba sana, wakilelewa na mama anayelamba, wanafanana na wana wa huyo mlezi. Basi si damu peke yake. Malezi yanafanya kazi.

Mtu si panya. Lakini mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa hapa kwetu Kongo, mjini Goma, kwa mama 25 na watoto wao. Mama walioteswa zaidi na taabu wakati wa mimba, watoto wao walikuwa na alama nyingi zaidi kwenye jini ya vipokezi hivyo, na uzito mdogo wa kuzaliwa. Mama 25 ni wachache, na alama hizo si hukumu. Mama asilaumiwe: taabu hakujiletea yeye.

UFANYE NINI?

1. Baba, umegombana na kapita? Ugomvi uache mlangoni. Usimpige wala usimtishe mama mwenye mimba.

2. Mpunguzie mizigo ya maji na makaa. Hakikisha anafika kwenye upimaji wa mimba.

3. Mtoto akilia, mbebe. Kumbeba hakumharibu.

4. Usimtikise kamwe, hata ukichoka na kilio. Kumtikisa kunaweza kumuua. Mlaze mahali salama, uite mtu akusaidie.

5. Mtoto aliyezaliwa mdogo akae ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama. Njia hii ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Uchunguzi wa mwaka 2021 katika hospitali za nchi tano, Tanzania mojawapo, ulionyesha kwamba ikianzishwa mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vinapungua kwa 25 kwa mia. Kifua cha baba pia kinafaa.

6. Mama akilia kila siku baada ya kuzaa, hali wala halali, mpeleke kwa munganga. Huo si uvivu, ni ugonjwa, na unatibika.

Baba, freni ya mashini unaikagua kabla ya kuanza kazi. Na hii ya mtoto wako uitunze tangu siku ya mimba.