Wanamaji wa Kijerumani katika Maziwa ya Kivu na Tanganyika, 1914–1916

Manahodha wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Kwanza hukumbukwa hasa kwa nyambizi zao za Atlantiki. Hata hivyo, baadhi ya wanamaji wa taifa hilo walipigana mbali na bahari, katika maziwa ambayo wakazi wa Bukavu wanayajua vyema. Makala haya yanaeleza jinsi mamlaka juu ya maji yalivyoathiri vita vya nchi kavu.

Mnamo Agosti 1914, meli ya upimaji Möwe ilizamishwa Dar es Salaam na Wajerumani wenyewe ili isitekwe. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka huohuo. Kwa hiyo kapteni Gustav Zimmer aliwapeleka mabaharia wake ziwani kwa treni. Tarehe 22 Agosti, Hedwig von Wissmann iliishambulia Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, karibu na mdomo wa Lukuga. Mwezi uliofuata, majeshi ya Kijerumani kutoka Rwanda yalikiteka kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Mwaka 1915 iliongezeka Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Papenburg. Ilifungwa mzinga wa manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji.

Ilimradi Wajerumani walitawala Ziwa Tanganyika, Wabelgiji hawakuweza kulivuka kwa usalama. Waingereza wakaleta mashua mbili, Mimi na Toutou, kwa reli na kwa njia ya nchi kavu kupitia Katanga. Kingani ilitekwa tarehe 26 Desemba 1915, na Hedwig von Wissmann ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916. Mwaka huohuo Wabelgiji waliirudisha Idjwi mikononi mwao. Julai 1916, Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe huko Kigoma, baada ya kuzipaka mashine zake grisi. Iliopolewa baadaye, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Vitabu vingi huhifadhi majina ya makapteni. Lakini njia ya Katanga ilikatwa na vibarua Waafrika, na tanuri za meli zilihitaji watu wa kuzilisha kuni. Majina ya wengi wao hayakuandikwa. Lugha ya Kiswahili ina neno baharia kwa mtu anayefanya kazi melini, bila kujali rangi yake. Historia ya maziwa haya bado haijawapa wote nafasi hiyo.