Ngiri ni Nini, na Hutibiwaje?

Hamali abebaye magunia bandarini Kilindini huweza siku moja kuona uvimbe mdogo katika kinena chake. Uvimbe huo hauumi sana. Akisimama au akikohoa hutokeza, na akilala chali hurudi ndani ukapotea. Kwa kuwa hupotea, yeye hauhesabu kuwa ni ugonjwa, naye huendelea na kazi mwaka hata mwaka. Wengi wafanyao hivyo hawapatwi na neno kwa muda mrefu. Lakini wengine hufikishwa hospitali usiku, hali wamezidiwa na maumivu. Yafaa basi kila mtu aelewe ngiri ni kitu gani.

Tumbo la mtu limezungukwa na ukuta wa nyama, ambao hulinda matumbo yakae mahali pake. Ukuta huo una mahali palipo dhaifu, kama vile kinenani, kwenye kitovu, na penye kovu la mtu aliyepata kupasuliwa zamani. Mahali hapo pakiachana, kipande cha utumbo au cha mafuta ya tumboni husukumwa nje chini ya ngozi, kama vile mpira wa ndani wa baiskeli utokezavyo penye tairi lililopasuka. Hiyo ndiyo ngiri. Kubeba mizigo mizito, kukohoa siku nyingi, na kujikamua chooni huzidisha msukumo. Lakini wengine huzaliwa na tundu hilo. Ngiri ya kinena huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake.

Wako watu wachanganyao ngiri na busha. Busha ni maji yaliyokusanyika katika mfuko wa korodani, na huko pwani mara nyingi asili yake ni minyoo midogo ya matende iletwayo na mbu. Busha halirudi tumboni mtu alalapo. Hata hivyo, kuyapambanua maradhi haya mawili ni kazi ya daktari, si ya jirani.

Hatari kubwa ya ngiri ni utumbo kunaswa katika tundu. Ukinaswa, damu haipiti tena, na kwa muda wa saa chache tu utumbo huo waweza kufa na kuoza. Dalili zake ni hizi: uvimbe huwa mgumu, huuma sana na hukataa kurudi, mgonjwa hutapika, tumbo hujaa, wala hapati choo wala upepo. Mtu wa namna hii apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja asubuhi. Asipewe haluli wala chakula, wala uvimbe usisukumwe kwa nguvu.

Kwa watoto mambo ni mbalimbali. Kitovu kilichotokeza kwa mtoto mchanga mara nyingi hujifunga chenyewe kabla hajatimiza miaka mitano, na kumfunga sarafu juu yake hakumsaidii kitu. Lakini ngiri ya kinena ya mtoto haijifungi. Hapana budi aonwe na daktari upesi.

Hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka izibayo tundu hilo. Mkanda huzuia uvimbe kwa muda tu. Tiba yenyewe ni kupasuliwa. Mwaka 1884 Edoardo Bassini, daktari wa Padua katika Italia, alianza kuushona upya ukuta wa kinena tabaka kwa tabaka, na njia yake ikaenea ulimwenguni. Baadaye, hasa tangu miaka ya 1980, madaktari wengi walizoea kuweka kiraka cha wavu wa nyuzi za plastiki juu ya tundu, ili nyama zisivutwe kwa nguvu.

Wavu huo huuzwa ghali. Lakini mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa wanaume 302 wa mashariki ya Uganda. Baadhi yao waliwekewa wavu wa dukani, na wengine kitambaa cha namna ya chandarua kisichotiwa dawa ya mbu, kilichosafishwa hospitalini kwa mvuke wa moto. Baada ya mwaka mmoja, katika wote waliochunguzwa ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu.

Wanaume wengine huogopa kwamba kisu kitawaondolea nguvu zao za kiume. Kwa kawaida sivyo. Mara nyingi mgonjwa hutiwa ganzi mahali panapopasuliwa tu, naye huweza kutembea siku ile ile au ya pili yake. Kazi nyepesi huirudia baada ya wiki moja au mbili, ila mizigo mizito aiache mpaka daktari amruhusu.

Basi mwenye uvimbe asione haya. Apasuliwaye mapema, kwa siku aliyoichagua mwenyewe, huwa katika hatari ndogo kuliko yule aletwaye usiku amebebwa na jamaa zake.