Hata Mwenye Funguo Alishtakiwa (Sehemu ya 3)

Oktoba Mosi, Siku ya Wazee Duniani, imepita tena, na magazeti yametuletea picha za wageni wakikabidhi mchele, sabuni na blanketi katika makazi ya wazee. Waliotoa wanastahili shukrani. Lakini katika habari hizo nilimtafuta mzee mmoja aliyeulizwa angependa nyumba yake iendeshwe vipi, sikumwona. Kwa hiyo narudi Warsaw, mtaa wa Krochmalna, tulikomwacha Janusz Korczak, daktari aliyeongoza nyumba ya mayatima na kuwapa mayatima wake sauti katika kuiendesha.

Leo tuingie katika mahakama yao, ambayo kwangu ndiyo moyo wa kazi yote ya daktari yule. Mtoto aliyeonewa aliandika ubaoni jina lake na la anayemshtaki. Mara moja kwa juma mashauri yalisikilizwa na mahakimu watano, wote watoto, waliopatikana kwa bahati nasibu miongoni mwa wale ambao juma hilo hawakuwa na shauri. Mlezi alikuwa katibu tu: alikusanya ushahidi na kuusoma, kura hakuwa nayo. Sheria yao ilifika kifungu cha 1000, na vyote kuanzia cha 1 hadi cha 99 vilikuwa vya kusamehe au kufuta shauri. Baada ya hapo namba ziliruka: 100, 200, 300, kila kimoja kikali kuliko kilichotangulia, hadi cha 1000, kufukuzwa. Hebu fikiri, hakimu mtoto alikuwa na njia tisini na tisa za huruma kabla ya kugusa lawama ya kwanza! Sijui sheria ya watu wazima iliyotungwa kwa utu kama huo.

Korczak mwenyewe alijishtaki mbele ya mahakama hiyo mara tano katika nusu mwaka. Shauri mojawapo lilihusu kumshuku msichana kwamba ameiba. Mkuu wa nyumba, daktari na mwandishi mashuhuri, alijibu mbele ya watoto aliowalisha. Baadaye aliandika kwamba mashauri hayo yalimfanya mlezi wa kikatiba: hawadhulumu watoto, na sababu si kwamba anawapenda, bali ni kwamba kipo chombo cha kuwakinga na ubabe wake.

Maneno hayo yanawahusu wazee wetu moja kwa moja. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1991 zinampa mzee anayeishi katika makazi haki ya kuamua kuhusu matunzo na maisha yake. Aliyesuluhisha ndoa za ukoo mzima atashindwaje kuamua saa ya chakula cha jioni, au nani alale naye chumba kimoja? Kila makazi, ya serikali na ya mashirika ya dini, yawe na baraza lililochaguliwa na wazee kwa kura ya siri, na asiyeweza kutembea afuatwe kitandani. Malalamiko yaandikwe, na Afisa Mfawidhi, msimamizi wa makazi, ayajibu mbele ya baraza kabla ya juma kwisha, hata anapolalamikiwa yeye.

Juma lijalo: Mały Przegląd, gazeti la watoto lililoanza Oktoba 9, 1926.