Phiona Mutesi: tumupime kwa mizani gani?

Kisangani, sawa vile kwenye karieri za Banalia na Bafwasende, mchezo wa jioni ni dame: ubao, vifuniko vya chupa, na makelele. Esheki, ule mchezo watu wa pwani wanaita sataranji, iko bado mgeni kwetu. Wengi wanaujua juu ya filamu ya 2016 yenye Lupita Nyong'o, inayoeleza maisha ya Phiona Mutesi, musichana wa Katwe, kule Kampala. Ndipo ubishi unaanza: huyu mutoto tumuweke wapi kati ya wakubwa wa dunia?

Tuseme kweli. Kwenye esheki cheo hakitolewe kwa huruma. Ukishinda unapanda, ukishindwa unashuka. Mutesi alichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya 2010 kule Siberia, na ile ya Istanbul mwaka 2012 ilimupatia cheo chake. Lakini ni ngazi ya chini kati ya vyeo vya wanawake. Amon Simutowe wa Zambia alifika grand-maître, wa kwanza kusini mwa Sahara. Judit Polgár wa Hungaria alikuwa grand-maître na miaka 15, na mwaka 2002 alimushinda Kasparov mwenyewe. Pale juu, jina la Mutesi haliko. Kulitia pale ni kudanganya watoto wetu.

Lakini Polgár alifundishwa na wazazi nyumbani tangu mudogo sana. Mutesi alikuwa ameacha shule, anauzisha mahindi. Alimufuata kaka yake kwa mwalimu Robert Katende, na kilichomuvuta kwanza ni uji uliogawiwa pale.

Mchimbaji anaelewa hii. Kontuari inapima jiwe kwa karati, haiulize shimo lilikuwa refu namna gani. Ni haki yake. Mzazi ndiye anapaswa kuuliza. Kama bakuli ya uji ilitosha kumufikisha Siberia, ni wangapi wako leo kwenye tamisi na maji ya matope, bila mtu wa kuwaonyesha ubao?

Ubao wenyewe si mali nyingi: vyumba 64, unachora kwenye karto, vipande 32, vifuniko vyenye alama vinatosha. Kinachokuwa ghali ni saa za mutoto. Hizo, baba na mama, ni nyinyi munaozigawa.